WAMAMA WALIOTUTANGULIA: Sophie Kanza, binti aliyemaliza shule



Siku ya posho iliyopita, mkutano wetu ulipokaribia kufungwa, mama mmoja alisimama akauliza swali. Hatutaji jina lake. Yeye anajijua, nasi tunamshukuru, kwa sababu wengi walikuwa na swali hilo moyoni wakaona haya kulitoa. Alisema binti yake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, yaani ni finalisti. Watu wamekwisha kuja nyumbani kumuuliza, na mali ya ndoa wanayo. Franga za shule zinamshinda. Kisha akamaliza hivi: "Hata akipata hiyo diploma, si ataenda kupika bukari kwa bwana wake kama mimi? Basi tunangojea nini?"

Kelele ikawa nyingi. Wengine walipiga makofi, wengine walitazama chini. Giza lilikuwa linaingia, tukaahidi kwamba jibu litatoka katika ukurasa huu. Tumefikiri juma zima, tukaona afadhali tusimpe yule mama mashauri matupu. Tutamsimulia maisha ya mwanamke mmoja Mkongo, halafu yeye mwenyewe ataona.

Mwaka 1960

Tuanze na tarehe tunayoisherehekea kila mwaka, 30 Juni 1960. Siku ile nchi yetu ilipopata uhuru, hakukuwako mwanamke Mkongo hata mmoja aliyekuwa amemaliza masomo ya sekondari. Tunawaomba msome tena sentensi hiyo. Hatukusema walikuwa wachache. Tumesema hata mmoja.

Na mwezi wa tano wa mwaka ule, watu walipopiga kura ili kuchagua Bunge la kwanza, wamama hawakuitwa. Kura ilikuwa ya wanaume peke yao. Baraza la wabunge, wale tunaozoea kuwaita madepite, lilikuwa na viti 137, na vyote vilikaliwa na wanaume. Mama aliyelima, aliyezaa, aliyefuata bwana wake mpaka kwenye kambi ya wafanyakazi, hakuulizwa neno juu ya nchi itakayokuja.

Si kwamba bibi zetu walikuwa wajinga. Ni shule waliyopewa. Wazee wa Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati ule, wanakumbuka fwaye za Union Minière, ambako bibi wa mfanyakazi alifundishwa kushona, kupiga pasi, kuogesha mtoto na kupika kwa usafi. Hatudharau kazi hizo. Kuna mama kati yetu anayelisha watoto wake kwa cherehani, na kushona alifundishwa na nyanya yake aliyepita fwaye. Lakini mtoto mwanaume alipofundishwa hesabu na Kifaransa ili awe karani, dada yake alifundishwa kuwa bibi mzuri wa karani. Mpango ulikuwa huo, na ulifuatwa kwa miaka mingi.

Binti wa Kanza

Katika nchi hiyo ndiyo Sophie Kanza alizaliwa, tarehe 8 Februari 1940, kule Léopoldville, mji tunaouita Kinshasa leo. Baba yake, Daniel Kanza, alikuwa mmoja wa wakubwa wa chama cha ABAKO, na baadaye akawa Mkongo wa kwanza kuongoza mji ule. Kaka yake, Thomas Kanza, alikuwa kati ya Wakongo wa kwanza kabisa kupata diploma ya universite, huko Louvain katika Ubelgiji, na mwaka 1960 alikuwa waziri katika serikali ya Patrice Lumumba.

Tunajua mnachotaka kusema hapa, maana na sisi tulikisema: "Huyo ni mtoto wa wakubwa. Sisi ni watu wa samaki na wa makala, tunafanana naye wapi?" Ni kweli, nyumba yao haikuwa kama zetu. Lakini tujiulize. Je, Sophie alikuwa binti peke yake wa mtu mwenye kazi nzuri katika Congo nzima? Hapana. Kulikuwa na mabinti wa makarani, wa walimu, wa wauguzi, wa machifu. Wengi walikuwa na baba anayeweza kulipa. Hata hivyo walitolewa shuleni, mmoja mwaka wa pili, mwingine mwaka wa tatu, kwa sababu mchumba alikuja, au mama aliugua, au watu walicheka. Kwa hiyo franga peke yake haikutosha. Ilihitajika nyumba inayokubali kungojea, na nyumba ya Kanza ilingojea.

Alisoma kwa masista, Lycée du Sacré-Coeur, shule ambayo leo inaitwa Lycée Bosangani. Mwaka 1961 alimaliza, akawa msichana wa kwanza Mkongo kumaliza sekondari. Uhuru ulikuwa na mwaka mmoja tu. Alikuwa na miaka 21, na tunafikiri kwamba watu wa mtaa wao walikuwa wamekwisha kuhesabu miaka hiyo kwa vidole, kama wanavyohesabu ya mabinti wetu.

Hakuishia hapo. Aliingia Universite ya Lovanium, juu ya kilima nje ya Kinshasa, akasoma sosholojia, yaani elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja: familia, kijiji, mji, kazi. Mwaka 1964 alipata diploma, na kwa mara ya pili akawa wa kwanza: mwanamke wa kwanza Mkongo mwenye diploma ya universite.

Sasa, wamama wanaoogopa kwamba binti aliyesoma hataolewa, sikilizeni vizuri. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule wa 1964 Sophie aliolewa na Marcel Lihau, bwana mwenye elimu kubwa ya sheria. Yeye alikuwa Mukongo wa Bas-Congo, bwana wake mtu wa Équateur. Walizaa watoto sita, mabinti watupu. Katika familia nyingi mama wa mabinti sita angepigiwa kelele na mashemeji. Huyu aliendelea na kazi yake.

Alipoitwa serikalini

Baadaye alikuwa Geneva, katika Uswisi, akiongeza masomo, na hapo ndipo alipoitwa. Tarehe 31 Oktoba 1966, Rais Mobutu alimweka kuwa waziri wa mambo ya jamii. Alikuwa na miaka 26. Wengi wa walimu wenzetu katika umri huo ndio kwanza wanapewa darasa lao la kwanza. Yeye alikaa mezani pamoja na mawaziri, mwanamke wa kwanza katika serikali ya nchi hii tangu nchi ianze.

Tuseme wazi ili tusiwadanganye watoto: Sophie Kanza hakuingia kwa kura. Hakuwa mbunge, aliwekwa na mkubwa. Na mwaka 1966 hakuna mama angeweza kuingia Bungeni kwa kura, maana kura wamama hawakuwa nayo. Haki hiyo ilikuja na Katiba ya mwaka 1967, yeye akiwa waziri. Kisha katika uchaguzi wa mwaka 1970, kwa mara ya kwanza, wamama walichaguliwa wakaingia Bungeni. Hatusemi kwamba yeye peke yake ndiye aliyeileta. Lakini ni vigumu kumwambia mama "hujui kuandika jina, hujui mambo ya nchi, kaa nyumbani" wakati mama mwingine, mwenye diploma kubwa kuliko za mawaziri wengi wanaume, yuko palepale mezani.

Tena tuseme ukweli wa pili. Wakati ule nchi iliingia katika chama kimoja, MPR, na neno la mwisho lilikuwa la mtu mmoja. Waziri mwanamke au mwanaume alisema yale yaliyoruhusiwa. Na kazi aliyopewa, mambo ya jamii, watu waliiona kuwa "kazi ya kimama", kama ile ya fwaye, ila imepandishwa juu. Wenye nchi walikuwa bado hawajafikiria kumpa mama madini au franga. Jambo hilo lilikuja baadaye, nasi tutalifikia.

Miaka migumu

Alitoka serikalini mwaka 1970. Mtu mwingine angekaa nyumbani, ahesabu picha alizopigwa na wakubwa. Yeye alirudi darasani. Alikwenda Marekani, universite ya Harvard, mama wa watoto, aliyekuwa waziri, akakaa tena kwenye benchi kama mwanafunzi mpaka akapata udaktari wa sosholojia. Kazi yake ya udaktari ilitafuta mizizi ya matatizo ya siasa ya nchi yetu tangu wakati wa Wabelgiji. Wakati ule majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa katika Zaire, kwa hiyo vitabu vinamwita pia Zala Lusibu N'Kanza. Ni mtu yuleyule.

Miaka ya 1980 alifanya kazi UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni. Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Bwana wake alikuwa amekuwa mkubwa wa kwanza wa Korti Kuu ya nchi, akaondolewa mwaka 1975. Mwaka 1982 alikuwa kati ya waanzilishi wa UDPS, chama kilichosimama mbele ya Mobutu wakati hakuna aliyethubutu, na kwa hilo aliadhibiwa. Mwishowe familia ilikaa Marekani, mbali na nchi yao.

Katika miaka yake ya mwisho, ajali ya gari ilimwacha Sophie kwenye kiti cha magurudumu. Hata hapo hakunyamaza, akaanza kusemea haki za walemavu. Alifariki Kinshasa mwezi wa nne wa mwaka 1999, na bwana wake akamfuata siku chache baadaye. Kwa Mungu hakuna aliyesoma wala asiyesoma, sote tutafika. Lakini yeye alifika akiwa ametumia alichopewa.

Kwa nini jambo hili linagusa jiko lako

Mama mwingine atasema: "Hiyo ni Kinshasa, na ni zamani. Mimi hapa Mwadingusha, wabunge wananihusu nini?" Tunamjibu kwa mfano wa sheria moja tu.

Mwaka 1987 nchi yetu ilipata Kodi ya Familia. Ndani yake iliandikwa kwamba mama aliyeolewa lazima apate ruhusa ya bwana wake kwa kila tendo la kisheria. Kutia sahihi kwenye mkataba, kufungua duka kwa jina lako, kwenda mbele ya korti: yote kwa ruhusa. Tena sheria ileile ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, lakini mvulana alitakiwa afikishe 18. Wamama wengi wa umri wetu wamekua chini ya sheria hiyo bila kujua hata kwamba imeandikwa. Walidhani ni desturi tu.

Sheria hiyo haikubadilika kwa maombi peke yake. Kwanza, tarehe 10 Januari 2009, ilitoka sheria ya kulinda mtoto, inayosema kwamba mtu yeyote ambaye hajafikisha miaka 18 ni mtoto. Halafu, mwezi wa saba wa mwaka 2016, Kodi ya Familia yenyewe ilirekebishwa: ile ruhusa ya bwana ikaondolewa, na umri wa ndoa ukawa 18 kwa wote wawili. Kwa hiyo leo mama akienda kufungua kitabu cha benki, au kuandikisha kiwanja chake, anatembea kwenye njia iliyofunguliwa Bungeni. Na Bungeni huingii kubishana juu ya sheria kama huwezi kuisoma.

Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 14, inasema kwamba mwanamke lazima awe na nafasi yake katika uongozi wa nchi. Sheria ya usawa ya mwaka 2015 ilirudia neno hilo. Na sheria ya uchaguzi ya mwaka 2022 ilisema kwamba orodha ya wagombea yenye wamama nusu au zaidi hailipi ile dhamana ya kugombea. Njia zimefunguliwa, angalau kwenye karatasi.

Na wapo waliozipita. Jeannine Mabunda alisoma sheria na biashara, mwaka 2007 akawa waziri wa makampuni ya Serikali, yaani wizara inayoangalia hata Gécamines na SNEL tunazozijua sana hapa kwetu. Mnakumbuka tulisema mama wa 1966 alipewa mambo ya jamii tu. Miaka 41 baadaye, mama alipewa funguo za migodi na umeme. Tarehe 24 Aprili 2019 wabunge walimchagua kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza lao. Wakamwondoa mwezi wa kumi na mbili wa 2020, katika mabishano ya siasa ambayo hatuingii ndani yake hapa. Na mwaka 2024 Judith Suminwa amekuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu.

Lakini hesabuni viti. Katika Baraza la Wabunge viti ni 500, na wamama hawafiki hata mmoja kwa watano. Mlango uko wazi, wanaoingia ni wachache. Sisi walimu tunajua sababu mojawapo, kwa maana tunaiona kila mwaka kwenye daftari la kuita majina. Darasa la kwanza la msingi wasichana na wavulana wanalingana. Kila mwaka mistari ya wasichana inapungua. Tangu 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure, Mungu asifiwe, lakini sekondari tunalipa, na franga ikipungua nyumbani, wa kwanza kukatwa ni binti.

Jibu letu kwa yule mama

Sasa, mama yetu mpenzi, tunarudi kwako.

Kwanza, kama binti yako hajatimiza miaka 18, hakuna mazungumzo. Sheria imekataza, na wale waliokuja na mali wajue hivyo. Kama ametimiza, basi uamuzi ni wake pamoja nanyi wazazi, lakini mchumba wa kweli anaweza kungojea miezi iliyobaki mpaka mtihani wa Serikali. Asiyeweza kungojea miezi, je, atavumilia miaka?

Pili, ni kweli atapika bukari. Sophie Kanza alilea watoto sita. Sisi tunaoandika hapa tuna diploma, na jioni tunasonga bukari na kutwanga sombe kama ninyi. Diploma haimtoi mama jikoni. Inafanya kwamba bwana akifariki, au akipoteza kazi, au akibadilika, mama hatabaki amekaa barazani akiwangojea mashemeji waje kugawa masufuria. Atasoma karatasi mwenyewe. Ataomba kazi. Atajua mahali pa kushtaki.

Tatu, sisi watu wa Mwadingusha tunafahamu kazi ya maji. Lufira ilikuwa ikipita hapa tangu zamani za mababu, ikianguka na kelele zake, na hakuna taa iliyowaka. Taa ziliwaka maji yalipozuiwa, yakakaa, yakajaa. Mtoto akitolewa shuleni miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho, ni kama kubomoa ukuta wakati maji yanakaribia kufika kipimo. Umekwisha kulipa miaka yote ile. Kilichobaki ni kidogo kuliko kile ulichokwisha kutoa.

Na kuhusu franga zinazokushinda, hapo neno si lako peke yako, ni letu sote. Tunajua katika kartie yetu mama mmoja mjane aliyebeba samaki za kukausha kutoka ziwani mpaka soko la Likasi, kila juma, miaka sita, hata binti yake akapata diploma ya Serikali. Leo binti huyo anafundisha. Lakini alibeba peke yake, na sisi tulimpigia makofi wakati wa sikukuu tu. Hiyo ni aibu yetu.

Kwa hiyo tunaleta shauri mbele ya mkutano wa siku ya posho inayokuja. Likelemba yetu inazunguka kila mwezi. Tuongeze kiasi kidogo juu ya mchango wa kila mmoja, kiwekwe katika sanduku la peke yake, kwa ajili ya mabinti finalisti wa wanachama wetu: franga za mtihani, za daftari, za safari kama kituo cha mtihani kiko mbali. Iwe mkopo usio na faida, mzazi alirudishe pole pole baada ya mavuno au mauzo. Mhasibu wetu aje na hesabu, na kila mwenye binti mwaka wa mwisho aje na jina lake. Na yule mama aliyeuliza, tunamwomba akae mbele.

Maswali ya kuzungumza nyumbani juma hili: Nani katika ukoo wetu alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza shule, na nani alimngojea? Kati ya wajukuu, nani atatolewa kwanza franga ikikosa, na kwa nini yeye? Waulizeni wazee, waandikieni watoto majibu, mtuletee.

Juma lijalo tutaendelea na wamama wengine waliotutangulia. Kaeni salama.